Umri wa Marehemu

Jabe, Bujumbura
14 Juni 2025

Mama Houda,

Salamu. Barua hii anakuletea Karimu. Gari lake linaondoka kesho asubuhi kama mafuta yatapatikana. Leo foleni ya kituo imefika hadi sokoni. Natumai nyonga ya mama inaendelea kuunga. Mwambie mkwe wake anamsalimu.

Sisi wazima. Houda amemaliza mitihani. Anasema Kifaransa kilikuwa rahisi, na hesabu hataki iulizwe. Anapika. Jana samaki wetu wa mukeke aliungua upande mmoja, tukala upande wa pili.

Jumatano Honoré alitupeleka madereva wake wote kupimwa, kama kila mwaka. Safari hii wameongeza kipimo cha damu cha tezi dume kwa wenye miaka hamsini na kuendelea. Kwa kadi yangu nina hamsini na mitano, kwa hiyo niliitwa, nikakaa benchi moja na wazee. Maxime alipita na chupa yake ya mkojo, akasema, "Mzee Radjabu, kuanzia leo watakuhesabia hata matone!" Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka.

Unataka kila kitu, basi nanakili kutoka kwenye karatasi. Presha 13 kwa 8, huko kwenu wangesema 130 kwa 80. Sukari gramu 0.94 kwa lita. Uzito kilo 71. Tezi dume 3.4, na mbele yake wameandika: miaka 50 hadi 59, mwisho 3.5. Kawaida. Daktari ni mwanamke, anaitwa Amélie. Alinipa mkono akasema, "Mzee, kwa umri wako uko muzuri sana."

Ombi moja. Usiandike lile jina jingine juu ya bahasha. Karimu anamjua Radjabu, na Jabe nzima inamjua Radjabu. Ndani andika unavyopenda.

Upande wako wa kitanda nimeweka nguo zilizopigwa pasi, pasikae wazi. Leo ni miezi minne na siku tatu tangu uende kumuuguza mama.

Baba Houda


Ujiji
22 Juni 2025

Shakuru,

Juu ya bahasha nimekutii. Humu ndani wewe ni wewe.

Mama anasimama kwa kushika meza, anahesabu hadi ishirini, anakaa. Jana alifika thelathini, halafu akanitukana kwa sababu nilikuwa nyuma yake nimetanua mikono kama mtu anayezuia kuku. Matusi yake yanaendelea vizuri kuliko mguu.

Karatasi yako nilimsomea nesi wa nyumba ya pili, yule anayekuja kumfanyisha mama mazoezi. Nilikuwa najisifu tu, mume wangu mzima, presha yake ya kijana. Akauliza, "Shemeji ana miaka mingapi?" Nikajibu bila kufikiri: arobaini na minne. Akauachia mguu wa mama.

"Nisomee tena hiyo ya mwisho."

Nikamsomea. Akasema, "Kwa mtu wa hamsini na kitu, sawa. Kwa mtu wa arobaini na kitu tunataka isizidi mbili na nusu. Sasa mbona wamempimia kwa mstari wa wazee?"

Nikasema labda nimesoma vibaya. Sikusoma vibaya.

Wewe ni mtu unayeandika mzigo wa saruji hadi mfuko uliotoboka. Umeninakilia mstari wa hamsini. Karatasi ya namna hiyo haiwezi kuwa na mstari mmoja. Juu yake pameandikwa nini?

Nakukumbuka kwa namna ya kijinga. Mtu akikohoa barabarani nainua kichwa.

Mwanvua


Jabe
29 Juni 2025

Mama Houda,

Juu yake pameandikwa: miaka 40 hadi 49, mwisho 2.5. Niliuona mstari huo nikiwa bado dirishani pa maabara. Nikaikunja karatasi papo hapo, mstari ukaingia ndani. Sikukudanganya, niliacha kukuandikia. Najua utasema ni kitu kimoja.

Kuna la pili. Daktari aliuliza kama kuna mtu wa ukoo aliyeugua tezi. Nikasema hapana. Baba alikufa Rumonge akiwa na miaka hamsini na sita. Mgongo ulimuuma mwaka mzima, mwishoni akawa anakojoa damu. Walisema ni magunia aliyobeba. Hakuna aliyempima.

Sasa nakuandikia unayoyajua, ili uone hesabu ninayoipiga. Kaka yangu Radjabu aliuawa mwaka 1996, na hatukumwandikisha popote kwamba amekufa. Mwaka ule wa vita hakuna aliyekuwa anaandika. Mwaka 1999 mimi nilikuwa na miaka kumi na minane. Mwenye lori alitaka dereva asiyepungua ishirini na mitano. Kadi na leseni ya kaka zilikuwa kwenye sanduku la mama yangu mzazi, picha imeliwa na maji. Tangu siku hiyo kila kitu kiko kwa jina lake: leseni, kadi, mkataba, bima ya matibabu. Shakuru hana karatasi hata moja. Nikimwambia daktari nina arobaini na minne, ataangalia kadi. Daktari analetwa na Honoré. Jioni ya siku hiyo sina kazi, na labda nina kesi.

3.4 iko chini ya 3.5. Mwaka ujao watapima tena.

Usije. Mama hajaweza kwenda msalani peke yake.

Baba Houda


Ujiji
6 Julai 2025

Shakuru,

Unajificha nyuma ya mtu aliyekufa. Hawezi kukukinga. Damu waliyochota si yake.

Mwaka 2006, Rumonge, wajomba zangu wamekaa, sheikh amefungua kitabu. Akasema, "Radjabu." Wewe ukasema, "Ngoja, sheikh. Huyo ni marehemu. Mi naitwa Shakuru. Sitaki mutoto wa watu aolewe na marehemu." Mjomba wangu mkubwa alishavaa kiatu kimoja aondoke. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nimesikia kila neno, na nikajua palepale kwamba nitakwenda nawe popote. Siku ile hukuogopa kupoteza mke mbele ya ukoo wake wote. Leo unaogopa kupoteza lori.

Sentensi yenyewe ni moja: nina miaka arobaini na minne. Mwambie huyo Amélie, au tafuta daktari asiyemjua Honoré. Usiposema, nitapanda gari la Karimu na mama nimempakata, tuje kusema sisi. Na mama unamjua.

Maneno mengine sina hamu nayo. Hamu yangu ni wewe.

Mwanvua


Ujiji
27 Julai 2025

Shakuru,

Karimu amekuja mara mbili mikono mitupu. Mara ya kwanza nilimlaumu yeye, nikasema ameiangusha barua njiani. Mara ya pili aliniapia. Akaniambia, "Shemeji, Radjabu nilimwona Ngagara, mzima kabisa. Alikuwa anasukuma baiskeli. Nikamuuliza, gurudumu limepasuka? Akasema apana. Sasa kwa nini haupande? Akacheka, akaendelea kusukuma."

Mtu mwenye baiskeli nzima, anaisukuma. Nimekaa na hilo wiki nzima. Nimeona labda huwezi hata kukaa kwenye tandiko. Nesi nimemkwepa ili asiniambie ni kweli.

Kwenye simu unaniuliza bei ya mchele. Mama anaweka spika, nyumba nzima inakusikia ukiwa Radjabu, na mimi nakujibu bei ya mchele. Wiki hii imepanda, kama hujasikia.

Kama umenikasirikia, andika umekasirika. Kama unaumwa, andika unaumwa. Ukishindwa yote, nitumie bahasha tupu, nione tu ulivyoandika jina langu juu yake.

Mwanvua


Jabe
3 Agosti 2025

Mwanvua,

Sijakasirika. Nilikuwa nangoja namba ya pili, sikutaka kukuandikia nusu ya habari.

Tarehe 10 Julai nilikwenda kwa Amélie. Akauliza nina shida gani. Nikasema, "Dokta, miaka ya kwenye kadi ni ya kaka yangu."

Aliweka kalamu chini. "Na we uko na miaka ngapi?"

"Arobaini na ine."

"Kaka iko wapi?"

"Alikufa."

Alifungua faili, akatoa karatasi ya Juni, akaweka kidole kwenye mstari wa juu. Nikamwambia kuhusu kazi, nikamwambia kuhusu Honoré. Akasema, "Honoré hapate karatasi yako. Mi namupelekea neno moja tu: anafaa, ao hafae. Sasa niambie ya baba, na usiniambie tena apana."

Nikamwambia ya baba.

Alinipima kwa kidole. Hilo sitaliandika kwa urefu. Alisema upande wa kushoto kuna mahali pagumu, kama kifundo cha kidole. Alisema damu peke yake haitoshi kusema ni nini: yaweza kuwa uvimbe tu, yaweza kuwa uambukizo, yaweza kuwa saratani. Nirudi baada ya wiki mbili wachote damu tena. Wiki moja kabla nisipande baiskeli, kwa sababu tandiko linaikandamiza tezi na namba inapanda. Siku mbili kabla nisikutane na mke.

Nikamwambia, "Dokta, kesho natimiza miezi tano."

Alicheka hadi akavua miwani. Kwa hiyo baiskeli ni hiyo. Nakaa vizuri, siumwi popote. Ndilo linalonisumbua, siumwi popote.

Namba ya pili ni 3.7.

Sasa wanataka kutoa vipande vidogo vya tezi kwa sindano, kumi na viwili, vikasomwe. Kazi hiyo inafanywa na daktari mpasuaji hospitalini, na hapo Amélie amekwama. Alisema, "Umri wa kweli naweza kuandika. Lakini siwezi kuuweka juu ya jina la mutu mwingine. Wakikuta ubaya, dosie yote ya matibabu itakuwa ya mutu wa hamusini na tano aliyekufa. Niletee karatasi yako."

"Sina."

"Kila mutu iko na karatasi."

Nikamweleza kwamba baba hakutuandikisha, sisi watatu wa mwisho. Akanitazama kama mtu aliyekuta mlango hauna kitasa.

Nimekaa na hayo siku nne. Kazini wananiita Mzee Radjabu, naitika. Nikirudi nyumbani Houda anaita Papa, naitika. Hakuna mtu ndani ya mji huu anayeniita mimi. Umekwenda na jina langu, na sikuliona hilo hadi Amélie aliponiuliza naitwa nani, ikabidi nifikiri nani wa kumtaja kama shahidi.

Naogopa. Naliandika mara moja, lisirudiwe.

Shakuru


Ujiji
9 Agosti 2025

Shakuru,

Ndani ya bahasha hii kuna cheti chetu cha nikah. Kimekaa kwenye sanduku la mama tangu mwaka 2006, kwa sababu ulisema kisilale Jabe hata siku moja. Kina jina lako, jina la baba yako, na umri wako kwa mwandiko wa sheikh: miaka ishirini na mitano. Mkunjo wa katikati umechakaa, kishike taratibu. Ule mchakao ni wangu. Wiki zile ulizonyamaza nilikuwa nakifungua na kukifunga.

Shangazi yako yuko hai Rumonge, na ndiye aliyemzalisha mama yako siku ulipozaliwa. Nenda naye komine, kule wanakoandika vizazi na vifo. Usiende peke yako ukaanza kujibu kwa mkato. Mwache yeye aseme.

Usiniulize kama naogopa. Leo nimemkata mama kucha, nikamkata na ngozi. Amenitazama tu, hakutukana. Hapo nikajua ameshaelewa kuna jambo. Nimemwambia yote. Amesema, "Huyo kijana mwambie apone kwanza, kwa hayo mengine mimi nitagombana naye baadaye." Amekuita kijana. Wajomba hawakumwambia kitu, na cheti hajui kukisoma; miaka yote hii alikuwa ananisema kwa kuolewa na mzee.

Dada yangu anafika kutoka Tabora tarehe 28 kunipokea. Niandikie siku ya sindano kabla haijafika. Ukiniandikia ikishapita sitakusamehe.

Mwanvua


Jabe
24 Agosti 2025

Mwanvua,

Naanza na unachokingoja. Sindano ni Jumanne tarehe 2 Septemba, saa mbili asubuhi. Majibu yatachukua wiki mbili au tatu baada ya hapo. Karimu anatoka Kigoma Jumamosi tarehe 30, nimekushikia kiti cha mbele. Njoo.

Sasa yaliyobaki, kwa mpangilio.

Honoré nilimwambia mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Tulikuwa uani, Ngagara, kando ya lori. Alikaa kwenye kikanyagio. "Miaka kumi na tano unaniendeshea!" akasema. "Mi nimeanza kutafuta zawadi ya kukupa ukistaafu!" Nikasema nisamehe, bosi. Akainuka, halafu: "Sijapata dereva muzuri kama yule marehemu. Umuambie." Leseni si yangu, hawezi kunipa lori. Amenipa kazi ya gereji, kufungua na kufunga magurudumu, hadi nitakapopata leseni kwa jina langu, kama nitapata. Maxime ananizidi miaka miwili, na tangu juzi ananiita petit, yaani mdogo, ananituma maji. Amefurahi kupita kiasi.

Houda nilimwambia kabla ya kwenda Rumonge, habari ya jina na habari ya tezi, zote mbili. Alihesabu kwa vidole. "Kumbe Papa hujazeeka." Nikasema sijazeeka. "Sasa kwa nini unavaaga kama mzee?" Halafu akaingia chumbani akafunga mlango. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akapika, na hakuunguza kitu.

Alhamisi nilikuwa Rumonge. Shangazi alivaa kitenge kipya. Karani ni mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Alisoma cheti cha nikah mara mbili, akatazama kadi, akanitazama. Akasema hawezi kumwandika mtu wa miaka arobaini na minne anayetembea na kadi ya mwingine, hadi mwenye kadi aandikwe kwamba amekufa. Kwanza kifo, halafu kizazi. Kadi na leseni wamezichukua. Nitaitwa mahakamani kueleza. Siku haijatajwa, na sijui watasema nini. Kwa sasa wamenipa karatasi ya muda yenye muhuri, jina langu na mwaka wangu. Amélie ameipokea.

Kwa hiyo niliketi nikamwandikisha Radjabu. Tulimsomea dua mwaka ule ule, hilo unalijua. Lakini mbele ya serikali sikuwahi kusema amekufa. Kila kizuizi cha barabarani, kwa miaka ishirini na sita, nilitoa kadi nikasema yuko hapa.

Karani aliuliza, "Alikufa lini?"

Nikataja siku.

"Alikuwa na miaka ngapi?"

"Makumi mbili na sita."

"Kazi?"

"Dereva."

"Nani aliona maiti?"

Shangazi akasema, "Mi ndiye nilishika taa wakimuosha. Andika."

Akaandika. Akageuza ukurasa. "Marehemu ameacha mujane?"

Shangazi alinitazama, akangoja. Nilijibu mwenyewe. "Apana. Mwanvua ni muke wangu."

"Sijauliza muke wako," karani akasema, na akaandika kwamba hakuacha mjane.

Shakuru